Hiace inachemka ikipanda Kitonga: nitakokotoaje joto ambalo rejeta inapaswa kulitoa?

Mwanagenzi_Mitambo

Habari za jioni, wakuu. Ninasoma stashahada ya uhandisi mitambo na kwa sasa nipo kwenye mafunzo kwa vitendo katika gereji moja mjini Iringa. Tumeletewa Hiace ya abiria, ya dizeli, yenye injini ya lita 3, ambayo ikiwa imejaa na AC inafanya kazi huchemka inapopanda Kitonga ikitokea Ruaha Mbuyuni. Ikishamaliza mlima na kushika njia ya Ilula hurudi katika hali yake, na kwenye barabara tambarare haisumbui kabisa. Maji hayapungui, hakuna moshi mweupe wala mapovu kwenye rejeta, kwa hiyo suala la gasketi ya silinda hedi tumeliweka kando kwanza.

Tulifunga vipimajoto vya waya kwenye shingo za chuma za rejeta, si juu ya mipira, kwa kuwa mpira huficha joto la kweli, kisha tukapanda mlima gari likiwa na uzito wa takriban kilo 2800 na mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Hewa ya nje ilikuwa nyuzi 32. Maji yaliyoingia juu ya rejeta yalifika nyuzi 110, na yaliyotoka chini yalikuwa nyuzi 102.

Nikatumia kanuni tuliyofundishwa darasani, Q = m × c × ΔT, ambapo Q ni joto linalotolewa kwa sekunde, m ni kilo za maji yanayopita kwa sekunde, c ni joto mahususi, na ΔT ni tofauti ya halijoto kati ya juu na chini ya rejeta. Nimekadiria kwamba kwa mzunguko wa injini tuliokuwa nao pampu inasukuma lita 1 kwa sekunde. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji nimeihesabia kilo 1.03 kwa lita, na joto mahususi la kilojuli 3.55 kwa kilo kwa kila nyuzi. Jibu ni 1.03 × 3.55 × 8, yaani kilowati 29 hivi.

Hapo ndipo ninapokwama. Namba hiyo inaniambia ni joto kiasi gani linatolewa, lakini hainiambii kama rejeta inatosha au haitoshi. Gerejini mawazo yamegawanyika: fundi mmoja anasema maji yanapita kwa kasi mno, ndiyo maana yanapungua nyuzi 8 tu; mwingine anataka thamostati, ile valvu inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto, itolewe; na mwenye gari amekwisha kuulizia bei ya pampu kubwa zaidi. Ningependa kuona hesabu kabla hatujafungua kitu. Ni kanuni gani inayotuonyesha tatizo liko upande gani?

---

Fundi_wa_Rejeta

Ndugu, mimi si mtu wa hesabu, lakini kazi ya rejeta nimeifanya muda mrefu, na dalili ulizozieleza ninazifahamu. Gari lenye AC ukilitazama kwa mbele unaona mapezi ya kondensa tu, yaani rejeta ya AC inayotupa joto lake nje, nayo mara nyingi yanang'aa kwa kuwa ndiyo yanayopigwa maji kila gari linapooshwa. Rejeta imejificha nyuma yake. Legeza bolti za juu, isukume rejeta nyuma upana wa vidole viwili, kisha mulika kwa tochi katika nafasi iliyo kati yake na kondensa. Kwa magari ya njia hiyo ninakuta tabaka la vumbi la kijivu lililoshikana na mafuta, mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu, na pengine unene wake unafika milimita 5 kwenye nusu ya chini ya rejeta, mahali ambapo hewa ingepaswa kupita kwa wingi kuliko kwingine.

Kabla ya kununua pampu, angalieni hapo. Angalieni pia kava la feni kama halijavunjika upande, na klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini joto likipanda: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungusheni feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani wowote, mafuta ya silikoni ndani yake yamekwisha kazi.

---

Mkokotozi

Mwanagenzi, kanuni yako ni sahihi, na tofauti ya nyuzi 8 ni kipimo chenye thamani kubwa kuliko mnavyodhani hapo gerejini. Nitaanza kwa kuihakiki kilowati 29 kwa njia nyingine isiyotegemea makadirio ya pampu, kisha tuende upande wa hewa, ambako ndiko jibu lilipo.

Chukua mwinuko wa asilimia 8 kama kadirio. Uzito wa kilo 2800 ni nguvu ya niutoni 27,470, na asilimia 8 yake ni niutoni 2200 zinazolivuta gari kurudi nyuma. Ongeza niutoni 330 za msuguano wa matairi na barabara, na takriban 100 za ukinzani wa hewa, ambao kwa mwendo huo ni mdogo. Jumla ni kama niutoni 2630, ambazo kwa mwendo wa mita 11.1 kwa sekunde zinadai kilowati 29 kwenye magurudumu. Gieboksi na difu hupoteza sehemu, hivyo injini inatoa kilowati 33, na kompresa ya AC pamoja na alteneta zinaifikisha 36. Dizeli ya aina hiyo ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 33, mafuta yanayochomwa yanabeba kilowati 109, sawa na lita 11 hivi kwa saa.

Kati ya nishati hiyo, theluthi inageuka kuwa kazi, sehemu kubwa inatoka kwa bomba la moshi, nyingine inapotea kupitia mafuta ya injini na bodi ya injini yenyewe, na kwa kawaida asilimia 20 hadi 30 huingia kwenye maji. Ukichukua 27 au 28 unapata kilowati 30. Njia mbili zisizotegemeana zimekutana, kwa hiyo kadirio lako la lita 1 kwa sekunde haliko mbali na ukweli. Hilo peke yake linatuambia kwamba pampu inasukuma na mirija ya rejeta haijaziba: maji yangekuwa yanapita lita 0.4 tu kwa sekunde, kilowati 30 zilezile zingewalazimu muone tofauti ya nyuzi 20 kati ya juu na chini. Ninyi mmeona 8.

Sasa upande wa hewa. Rejeta ya ukubwa wa sentimita 70 kwa 45 ina uso wa mita za mraba 0.315. Hewa inayopenya ndani yake haina mwendo wa gari. Kwa kilomita 40 kwa saa, huku kondensa ikiwa mbele na injini nyuma, inayopenya rejeta safi yenye feni nzima ni kama mita 3.5 kwa sekunde. Uzito wa hewa kwa joto hilo na mwinuko wa pale nimeuweka kilo 1.06 kwa mita ya ujazo, tofauti na 1.2 inayoandikwa vitabuni kwa usawa wa bahari na hali ya ubaridi, na watu wengi husahau kulirekebisha hilo. Tunapata kilo 1.17 za hewa kwa sekunde, zinazobeba takriban kilowati 1.18 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Maji yenu, kwa upande mwingine, yanabeba kilowati 3.66 kwa nyuzi. Hewa ndiyo mbebaji dhaifu kati ya hao wawili, na mbebaji dhaifu ndiye anayeweka kikomo.

Kanuni unayoitafuta ni hii: Q = ε × Cmin × (T1 − T2). Cmin ni uwezo wa yule mbebaji dhaifu, yaani hewa. T1 ni halijoto ya maji yanapoingia rejeta. T2 ni halijoto ya hewa inapoigusa rejeta, wala si ile ya nje. Na ε ni ufanisi wa rejeta, namba iliyo kati ya 0 na 1. Kwa rejeta ambayo hewa na maji vinapishana kwa msalaba, kadirio linalotumika ni:

ε = 1 − exp{ (N^0.22 ÷ R) × [ exp(−R × N^0.78) − 1 ] }

exp ni namba e (2.718) iliyopandishwa kwa kipeo kilicho ndani ya mabano, R ni uwiano wa wabebaji hao wawili, mdogo kwa mkubwa, na N ni UA ÷ Cmin, ambapo UA ni uwezo wa rejeta yenyewe kupitisha joto. Kwa rejeta safi ya ukubwa huo nimechukua UA ya kilowati 1 kwa nyuzi. N inakuwa 0.85, R inakuwa 0.32, na ε inatoka 0.52.

Kutoa kilowati 30 kunahitaji basi tofauti ya 30 ÷ (0.52 × 1.18), yaani nyuzi 49. Kondensa ya AC mbili kama za Hiace nimeikadiria kuwa inatupa kilowati 9.5 ndani ya hewa hiyohiyo kabla haijafika kwenye rejeta, hivyo hewa ya 32 inaingia ikiwa 40. Maji ya juu yanapaswa kutulia kwenye nyuzi 89. Rejeta hiyo ikiwa safi inatosha, na inabakiza akiba.

Nikageuza hesabu nikauliza: hewa ipungue hadi mwendo gani ili nipate 110 mliyoipima? Inakuja kama mita 2.2 kwa sekunde. Cmin inashuka hadi 0.74, UA nayo inashuka hadi karibu 0.8 kwa sababu hewa ya polepole huchukua joto kwa uzembe kwenye mapezi, na ε inapanda kidogo hadi 0.62. Tofauti inayohitajika inakuwa nyuzi 65. Kondensa nayo, ikitupa joto lilelile ndani ya hewa chache, inaipandisha kwa nyuzi 13 badala ya 8. Jumlisha 32, 13 na 65, unapata 110. Aliyosema Fundi wa Rejeta kuhusu tabaka la vumbi yanalingana kabisa na namba hizi.

---

Dereva_Mstaafu

Nashukuru kwa maelezo, lakini naomba kutofautiana kidogo. Tangu enzi za malori ya zamani tumekuwa tukiambiwa kwamba maji yakipita haraka hayapati muda wa kupoa ndani ya rejeta, na nimeona kwa macho yangu magari yaliyotolewa thamostati yakichemka zaidi. Je, hilo si ushahidi kwamba maji yanahitaji kucheleweshwa?

---

Mkokotozi

Mzee wangu, ulichokiona ni kweli. Sababu yake ndiyo iliyo tofauti.

Tuchukue gari hilohilo la Kitonga, tupunguze mwendo wa maji hadi nusu lita kwa sekunde. Maji yatakaa ndani ya rejeta muda mara mbili, na tofauti kati ya juu na chini itakua kutoka nyuzi 8 hadi 16, jambo ambalo kwa macho linaonekana kuwa mafanikio. Lakini R imebadilika, ε imeshuka hadi 0.58, na maji ya juu yanapanda kutoka 110 hadi 114. Injini imezidi kuwa ya moto ilhali rejeta inaonekana kupoza vizuri zaidi. Kosa ni kuhesabu muda ambao tone moja la maji linakaa ndani ya rejeta na kusahau kwamba tone hilohilo linachelewa vilevile ndani ya injini, likichota joto.

Ukienda upande wa pili na kufunga pampu inayosukuma lita 2, maji ya juu yanashuka kwa nyuzi 2, labda 3. Mwenye gari atakuwa amelipa fedha nyingi kwa nyuzi 2, wakati kupotea kwa theluthi ya hewa kumemgharimu nyuzi 21.

Kuhusu thamostati: injini nyingi, zikiwemo za Toyota, zina thamostati yenye sahani mbili. Ya kwanza hufungua njia ya kwenda rejeta. Ya pili, wakati huohuo, hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Nikikadiria kwamba asilimia 30 yanakatiza, halijoto inaongezeka kwa nyuzi 2 hadi 4. Gari lililokuwa limekaribia ukingoni litachemka kwa nyuzi hizo, na hicho ndicho ulichokishuhudia. Asubuhi za baridi za Iringa au Makambako gari hilo litachukua muda mrefu kufikia joto la kazi, litakunywa mafuta zaidi, na silinda zitalika.

---

Mama_wa_Daladala

Mimi ninamiliki magari mawili ya abiria na swali langu ni la mmiliki. Kama gari liko katikati ya mlima na abiria wamo ndani, hesabu hizi zinasema dereva afanye nini?

---

Mkokotozi

Dada, zinasema mengi, na nitazifuata kwa mpangilio wa uzito wake.

Kwanza azime AC. Zile nyuzi 13 za kondensa zinaondoka mara moja, na injini inapunguziwa mzigo wa kompresa, hivyo joto linaloingia kwenye maji linashuka kutoka kilowati 30 hadi kama 28. Kwa rejeta hiyo chafu, maji ya juu yanatoka 110 na kutulia kwenye 93. Hakuna kipuri kinachoweza kuleta nyuzi 17 bila malipo.

Pili, ashushe gia badala ya kung'ang'ania gia ndefu kwa mwendo uleule. Kazi ya kupanda mlima haibadiliki, kwa hiyo joto linabadilika kidogo tu, lakini mizunguko ya injini inapanda, na feni inayoendeshwa na mkanda pamoja na pampu vinapanda nayo. Hapa klachi ya feni inapaswa kuwa nzima. Ikiwa imekufa, kushusha gia kutaongeza kelele kuliko hewa.

Tatu, awashe hita ya ndani hadi mwisho na kufungua madirisha. Abiria hawatafurahi, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na ikitoa kilowati 5 inapunguza mahitaji ya rejeta kubwa kwa nyuzi 11 hivi. Hatua ya namna hiyo ni ya dharura tu.

Asizime injini ghafla ikiwa ingali inazungusha maji, kwa sababu pampu na feni vitasimama huku chuma cha silinda hedi kikiwa bado na joto la kumwaga; aegeshe, aiache iungurume bila gia, kwenye sailensi iliyopandishwa kidogo, kisha atazame. Kama maji yamekwisha kumwagika au mshale umefika mwisho, azime mara moja. Na asifungue kifuniko cha rejeta.

---

Fundi_wa_Rejeta

Hapo kwenye kifuniko naomba niongeze, maana watu hukidharau. Kifuniko kilichoandikwa 88 maana yake kinazuia presha ya kilopaskali 88 juu ya ile ya hewa, na spring yake ikichoka mfumo wote unarudi kwenye presha ya nje. Wengi huweka maji matupu ya bomba badala ya kulanti, na maji matupu kwenye miinuko kama Kitonga huanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 98 ikiwa kifuniko hakishiki. Kikishika, yanavumilia hadi karibu 117. Kulanti ya nusu kwa nusu chini ya kifuniko kizima huvuka nyuzi 120 bila kuchemka. Gari la Mwanagenzi limefika 110 bila kupoteza maji, kwa hiyo kifuniko chake na kulanti yake vinafanya kazi. Lingekuwa na maji matupu na kifuniko kilichochoka, lingekuwa limemwaga yote kabla ya kufika nusu ya mlima.

---

Mwanagenzi_Mitambo

Nawashukuru sana wote. Nimemwonyesha fundi mkuu hesabu ya hewa, amekubali kondensa na rejeta vitenganishwe kabla ya kununuliwa chochote. Maswali mawili yamebaki. Tunaosha kwa mashine ya presha au hapana? Na baada ya kuosha, nitajuaje kwa kipimo kwamba hewa imerudi, bila kulipeleka gari Kitonga kwanza?

---

Fundi_wa_Rejeta

Mashine ya presha itayalaza mapezi yote kwa dakika moja, na pezi lililolala linaziba hewa kuliko vumbi. Tumieni maji ya mpira wa kawaida na sabuni ya kukata mafuta, myapige kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Yaliyolala yanyoosheni kwa kitana cha mapezi au bapa la chuma jembamba. Rudisheni na sponji za pembeni zinazoziba nafasi kati ya kondensa na rejeta. Zikikosekana, hewa hukwepa pembeni, na hewa ya moto kutoka kwenye injini hurudi mbele.

---

Mkokotozi

Kwa kipimo, tafuta anemomita ya mkononi, ile yenye panga ndogo. Gari likiwa limesimama, injini ikiwa na joto la kutosha klachi ya feni kushika, weka mizunguko 2500 kwa dakika, kisha pima mwendo wa hewa mbele ya kondensa katika vituo tisa, vitatu kwa vitatu, uchukue wastani. Fanya hivyo kabla ya kuosha na baada ya kuosha, kwa mizunguko ileile. Namba hizo hazitakuwa zile za gari likitembea, kwa kuwa upepo wa mwendo haupo, lakini uwiano kati yake ndio unaouhitaji. Zingatia pia vituo vya chini peke yake: vikiwa chini sana ya vya juu kabla ya kuosha, uchafu ulikuwa pale ambapo Fundi alisema.

Mkishapata ongezeko la nusu au zaidi na mkapanda mlima tena kwa mzigo uleule, tarajia maji ya juu kati ya nyuzi 88 na 92, huku tofauti ya juu na chini ikibaki palepale kwenye 8, kwa sababu Q na mwendo wa maji havijabadilika. Hewa ikirudi na maji yakabaki juu ya 100, basi UA ndiyo iliyopungua, yaani kuna ukoga ndani ya mirija au mapezi yameachana na mirija kwa kutu, na hapo rejeta ifunguliwe matanki yake.